Maumivu ya Kiwiko na Bega



Sisi makarani chombo chetu cha kazi ni mkono. Nao ukiuma, wengi wetu huficha, tukichelea kuitwa wavivu. Twasema leo: kuficha si dawa.

Kano ndiyo kamba iungayo msuli na mfupa. Kugonga mihuri, kupiga chapa na kuinua mafaili kutwa huichosha kupita nguvu zake: kiwiko huuma upande wa nje, na bega huuma mkono uinukapo.

Wako watakao sindano wapone upesi. Lakini uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 165 wa kiwiko, ulionyesha kwamba waliodungwa steroidi, mwaka mmoja baadaye, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya waliodungwa maji ya chumvi.

Wala kuufunga mkono usifanye kazi kabisa hakufai, kano hudhoofika. Ipunguzwe kazi iumizayo, kisha mkono uzoezwe polepole kwa kitu chepesi, uzito ukiongezwa juma kwa juma. Wengi hupona ndani ya mwaka. Bali aliyeanguka akashindwa kuinua mkono, aende hospitali bila kukawia.

Haba na haba hujaza kibaba: ndivyo kano iumiavyo, na ndivyo iponavyo.