Dome anajua kusubiri

Msikilizaji, dome tunayemnunua kama kitoweo ana akili ya kuheshimiwa. Mwaka 2021, mtafiti Alexandra Schnell na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Woods Hole, Marekani. Dome aliwekewa kipande cha kamba, chakula asichokipenda sana, na kamba hai nyuma ya mlango uliochelewa kufunguka. Akila cha kwanza, cha pili kinaondolewa. Dome hao walivumilia, wengine hadi sekunde 130. Baadhi waligeuka kando wasikione kile kipande. Huko ni kujizuia hasa! Na waliosubiri zaidi ndio waliojifunza upesi. Ajabu nyingine ni kwamba dome hatofautishi rangi, lakini hubadili rangi yake kufumba na kufumbua: vifuko vya rangi ngozini huvutwa na misuli inayoamriwa na ubongo.