Mita Inayoweza Kusema "Simama": Kupima Uvujaji wa Umeme Kwenye Pampu Zetu

(Mada ya Idara ya Maji na Ufundi kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



 Tumeombwa kuzungumzia kifaa kidogo kilichomo katika mikoba ya mafundi wetu, yaani multimita ya mshale, na namna ya kuiongezea uwezo ili ipime ukinzani mkubwa. Tunaamini mtaona kuwa jambo hili si la mafundi peke yao.

Kwa nini tunalizungumza

Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, uliozinduliwa mwaka 2009, umeleta nafuu kubwa Shinyanga na Kahama. Hata hivyo, vipo vigango vilivyo mbali na bomba ambavyo bado vinategemea visima virefu na pampu za umeme zinazozamishwa majini. Upande wa Geita, katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, waumini wetu hufanya kazi kwenye maduara na makarasha, ambako nyaya na mota hukaa karibu na maji na tope.

Kote huko, kinachomtenganisha mtu na umeme ni ganda la waya na vanishi ya koili za mota. Ganda likipasuka au likiingia maji, umeme huvuja. Mota huungua, au mama aliyekuja kuteka maji hupigwa na umeme kwa kushika bomba tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tatizo ni kwamba ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Ni lazima upimwe.

Ganda zima lina ukinzani wa mamilioni ya omu. Omu milioni moja tunaziita megaomu 1. Kwa nyaya za volti 230 na 400, viwango vya kimataifa vinataka ukinzani huo usipungue megaomu 1, ukipimwa kwa msukumo wa volti 500.

Mita ya kawaida inaishia wapi

Multimita ya mshale hupima ukinzani kwa kusukuma umeme wa betri yake ya ndani. Kwenye mita nyingi betri hiyo, hata katika kipimo cha juu kabisa, ni ya volti 9 au zaidi kidogo. Ukinzani ukiwa mkubwa, msukumo huo hautoshi: mshale hujinyanyua kidogo tu, mahali ambapo alama zimebanana, na fundi hubaki kukisia.

Dawa yake ni kuongeza msukumo, wala hatuhitaji kufungua mita. Tunachukua betri 5 za volti 9 na kuziunganisha kwa mfuatano ndani ya kiboksi cha plastiki; tunapata volti 45. Kwenye waya unaotoka tunafunga rezista ya kiloomu 47, ili nyaya zikigusana kwa bahati mbaya mkondo usifike hata miliampia 1. Kisha mita inawekwa kwenye kipimo cha volti 50 DC. Kama kwenye uso wake imeandikwa kiloomu 20 kwa kila volti, basi katika kipimo hicho mita yenyewe ina ukinzani wa megaomu 1. Huo ndio utakaokuwa mizani yetu.

Kwanza fundi anagusanisha nyaya mbili na kusoma volti za betri, tuseme 45. Halafu anaweka kitu kinachopimwa katikati ya njia hiyo na kusoma tena. Anagawanya namba ya kwanza kwa ya pili, anatoa moja, na jibu ni megaomu. Mshale ukisoma 15, ni megaomu 2. Ukisoma 5, ni megaomu 8. Ukisoma 1, ni megaomu 44. Na ukibaki juu ya nusu ya somo la kwanza, ukinzani uko chini ya megaomu 1: pampu hiyo isiwashwe.

Kabla ya kupima, umeme uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli. Sola ikatwe, maana paneli huzalisha umeme wakati wote wa jua. Nyaya za mota zifunguliwe kutoka kwenye boksi la kuwashia, kisha upimwe ukinzani kati ya kila waya na ethi au bomba la chuma. Pampu zenye elektroniki ndani ya mota zisipimwe hivi. Kifuatwe kitabu cha mtengenezaji.

Mpaka wa kifaa hiki

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito wa mada yetu. Umeme wa volti 230 hufika kileleni volti 325 hivi, mara 100 kila sekunde. Volti 45 ni kama sehemu moja ya saba ya msukumo huo. Ufa unaostahimili volti 45 unaweza kushindwa umeme halisi utakapopita. Kwa hiyo mita hii inaweza kutuambia "simama", lakini haiwezi kutuambia "endelea". Ruhusa ya kuwasha itolewe na fundi mwenye leseni, kwa kipimo kamili cha volti 500 ambacho mafundi hukiita mega.

Ombi letu

Kwa kamati za parokia: fundi akisema pampu isiwashwe, msimshinikize. Tunajua foleni ya ndoo wakati wa kiangazi inavyoumiza, lakini kisima kilichofungwa wiki moja hutengenezwa, na aliyekufa harudi. Wekeni daftari la vipimo: tarehe, pampu, na megaomu zilizosomwa. Namba inayoshuka kila robo mwaka hutoa onyo mapema, kabla mota haijaungua.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa pampu mlizotujalia. Tunaomba kila bajeti ya pampu iwe na fungu la vipimo, yaani mega moja kwa kila dekania, mafunzo ya fundi, na swichi ya kukata umeme unapovuja miliampia 30. Vitu hivi havina jiwe la msingi la kuzindua wala bango la kupigia picha, ila ndivyo vinavyolinda maisha ya wanaoteka maji.