Kufunga Diski ya Ofisi: Programu Ipi, na Ufunguo Akae Nao Nani?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa sharika)



Tumepewa dakika ishirini baada ya chai, kwa hiyo tutaanza na jambo lenyewe. Ofisi yetu ya miradi ilipoteza diski ya nje. Mwenzetu alikuwa akirudi kutoka sharika za mbali, akashuka kwenye basi kununua maji, na alipopanda tena mkoba haukuwepo. Diski ilikuwa ndogo, ya kuingia kwenye mfuko wa shati, na kununua nyingine hakukutushinda. Kilichotushinda ni kueleza mlikuwa na nini ndani yake.

Mlikuwa na orodha ya watoto tunaowalipia mahitaji ya shule: jina, picha, kijiji, jina la mlezi, na safu moja ya kueleza kwa nini mtoto ameingizwa kwenye mradi. Katika safu hiyo tulikuwa tumeandika sisi wenyewe kwamba mama wa huyu anatumia dawa za kufubaza VVU, na baba wa yule yuko gerezani. Hapakuwa na kizuizi chochote. Aliyeichomeka kwenye kompyuta yoyote aliweza kusoma kama anavyosoma gazeti.

Ilibidi twende kwa walezi kuwaambia. Bibi mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa na shuleni watajua. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Wengi wetu tulidhani neno la siri la kuwashia kompyuta linatosha. Neno hilo hulinda mlango wa kompyuta ile tu. Diski ya nje ina mlango wake, na wetu ulikuwa wazi. Kinachohitajika ni usimbaji, yaani kuyageuza mafaili yawe fumbo lisilosomeka na yeyote asiye na neno la siri, hata akiihamishia diski kwenye kompyuta nyingine.

Tulipopeleka jambo hili kwenye kamati na kusema kwamba programu tunayoipendekeza ni ya bure, baadhi ya wajumbe walisema rahisi ghali. Hoja yao ilikuwa ya haki na tuliichukulia kwa uzito. Jibu ni kwamba katika kazi hii bei haituambii uimara. Njia ya kusimba inayotumika sana duniani, iitwayo AES, ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani ikaipitisha kuwa kiwango chake mwaka 2001. Namna inavyofanya kazi imechapishwa wazi na kila mtaalamu anaweza kuikagua. Siri iko kwenye neno la siri peke yake. Programu za bure na za kulipia hutumia njia hiyo hiyo.

Tulitazama programu tatu. Ya kwanza, 7-Zip, wengi mnayo tayari kwa ajili ya kubana mafaili. Inafaa kwa kutuma orodha moja kwa barua pepe, mradi uweke alama pale inapouliza kama majina ya mafaili nayo yafichwe. Kwa kazi ya kila siku haifai, maana ukifungua faili ndani yake, nakala isiyofungwa hutolewa kwa muda kwenye kompyuta, na inaweza kubaki huko.

Ya pili ni BitLocker, inayokuja na Windows. Ni nzuri na ni rahisi. Shida ni kwamba kompyuta zenye Windows ya Home zinaweza kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker, lakini haziwezi kuifunga upya kwa mara ya kwanza. Hilo linahitaji Windows ya Pro, ambayo ni ya gharama zaidi. Usharika wenye Pro uitumie tu, bila wasiwasi. Ila ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 inaoutoa uchapishwe na kutunzwa, usiachwe kwenye kompyuta ile ile.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: VeraCrypt. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na maandishi yake ya kiprogramu yako wazi. Baadhi yenu mtakumbuka TrueCrypt, iliyotoka mwaka 2004 na kupendwa sana. Mwezi Mei 2014 waliokuwa wakiitengeneza, ambao hawakuwahi kujitaja majina, waliiacha ghafla na kuwaonya watumiaji wasiitegemee tena. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, kazi haikufa: VeraCrypt ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia kutokana na programu hiyo hiyo, na mwaka 2016 ilifanyiwa ukaguzi na wataalamu wa nje, kasoro zikatajwa hadharani na nyingi zikarekebishwa. Ukaguzi uliotangazwa hadharani tuliuhesabia faida, kama tunavyofanya kwa hesabu zetu za mradi. Kama usharika wako bado una mafaili yaliyofungwa kwa TrueCrypt, yahamisheni mapema, kwa sababu matoleo ya VeraCrypt tangu mwaka 2023 hayayafungui tena.

Sasa tunaomba usikivu zaidi, maana hapa ndipo watu hupoteza kazi ya miaka. VeraCrypt inaweza kufunga diski nzima, au kutengeneza kasha, yaani faili moja kubwa ndani ya diski, ambalo ukilipa neno la siri hujitokeza kama diski nyingine. Sisi tumechagua kasha. Diski iliyofungwa nzima ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta haiitambui, na huuliza kama uiandae upya kwa matumizi. Mtu mwenye nia njema akibonyeza ndiyo, kwisha. Tukafikiri juu ya ofisi zetu, ambako kompyuta moja hutumiwa na katibu, mwinjilisti na vijana wa kwaya, tukaona hatari hiyo ni kubwa kuliko ya mwizi.

Kasha halikingi kila kitu. Likiwa limefunguliwa, virusi vilivyomo kwenye kompyuta vinayafikia mafaili yaliyomo. Lifungwe kabla ya kuchomoa diski na kabla ya kuinuka kwenda kula. Tena kasha likiharibika, yote yaliyomo yanaweza kwenda pamoja. Kwa hiyo tunaweka makasha mawili kwenye diski mbili, na ya pili haitoki ofisini.

Kuhusu neno la siri, programu hushauri herufi zisizopungua 20. Tunatumia maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kufumba macho na kufungua kamusi. Mstari wa Biblia unaojulikana si neno la siri zuri. Jina la usharika na mwaka wa kuanzishwa kwake ni baya zaidi, na tunajua mnalitumia.

Neno hilo akae nalo nani? Tumekwisha kuumia hapa pia. Mwenzetu mmoja alifunga taarifa za mwaka mzima kwa neno alilolijua peke yake, kisha akahamia kazi nyingine. Tulipompigia simu alikuwa amelisahau, na kwa kweli alijitahidi. Hakuna ofisi ya kuiandikia barua ikakufungulia. Kama ingekuwepo, mwizi naye angeiandikia. Taarifa zile hazijafunguliwa mpaka leo.

Tangu hapo neno la siri linaandikwa kwenye karatasi mbili, kila moja kwenye bahasha iliyopigwa mhuri na kutiwa sahihi juu ya mfuniko. Moja iko kwenye sefu ya mtunza hazina, nyingine kwa Mkuu wa Jimbo. Bahasha haifunguliwi na mtu mmoja. Mtumishi akihama, neno linabadilishwa na kasha jipya linatengenezwa siku ya makabidhiano, pamoja na funguo za gari.

Kwa ndugu zetu wahisani tuna ombi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Fomu zenu zinapotudai jina kamili na sababu ya umaskini wa kila mtoto, tupokeeni tukileta idadi na namba badala ya majina. Na katika bajeti ijayo, mtaona mstari wa diski ya pili kwa kila usharika ulio kwenye mradi. Programu haina gharama, lakini diski inauzwa.

Ile safu ya sababu tumeiondoa kwenye orodha. Sasa iko kwenye daftari moja, kabatini, na kabati lina kufuli. Wenye diski zao hapa leo wabaki baada ya chakula. Tutakaa mezani karibu na dirisha na kufunga moja moja mpaka saa kumi.