Nani Amechorwa, Nani Amevaa: Kejeli ya Ndoa kutoka Paris hadi Musoma



Nilipokuwa mtoto kule Bunda, shangazi yangu aliitwa kwenye kikao cha kusuluhishwa na mumewe. Wazee walikaa chini ya mwembe. Ilikuwa desturi mke asiseme mpaka aulizwe, na shangazi hakusema. Aliinuka tu kuvuta kigoda chake kivulini, na alipogeuka, kila aliyejua kusoma akasoma nyuma ya kanga yake: Japo sipati tamaa sikati. Mume alikuwa na miezi hajaleta matumizi nyumbani. Mzee aliyeongoza kikao akauliza maneno yale yanamlenga nani. Shangazi akajibu kwamba alipenda rangi.

Jibu hilo limenifuata maisha yangu yote ya usomi, na ndilo lililonipeleka kwenye picha za Ufaransa.

Mwaka 1832 mchoraji Honoré Daumier alifungwa miezi 6 kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya wananchi. Mwaka huohuo Charles Philipon alianzisha gazeti la kila siku mjini Paris, Le Charivari. Jina hilo lina asili katika ndoa. Charivari ni zile kelele za masufuria na vyungu ambazo wanakijiji wa Ufaransa walizipiga usiku nje ya nyumba ya watu waliooana isivyopendeza, mathalani mjane mzee aliyeoa binti mdogo. Septemba 1835 serikali ikatunga sheria kwamba hakuna mchoro utakaochapwa bila kibali. Mfalme akawa hachoreki tena. Wachoraji wakageukia kile ambacho mkaguzi aliweza kukipitisha bila hofu: chumba cha kulala, meza ya chakula, mume anayembembeleza mtoto usiku wa manane, mke aliyechoka kusikilizwa nusunusu. Kuanzia 1839 Daumier alitoa mfululizo mrefu juu ya maisha ya ndoa. Mwenzake Gavarni alichora hila za mapenzi. Walichora kwa kalamu ya mafuta juu ya bamba la jiwe la chokaa, wakalilowesha maji, wakapaka wino. Wino ulishika penye mafuta na kukataa penye maji, na bamba moja likazaa maelfu ya nakala. Chini ya picha yaliandikwa maneno, na mara nyingi mwenye kuyaandika hakuwa Daumier bali watu wa gazeti.

Basi hapo pana picha na pana maneno chini yake. Mwanamke yeyote wa mkoa wetu wa Mara anaujua mpango huo. Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yake. Hununuliwa kwa doti, hukatwa, hupindwa, na kabla ya kulipa mnunuzi humwambia muuzaji: hebu ikunjue nisome jina. Mombasa huiita leso, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, limekuwa likiuza tangu 1887. Hapa kwetu Musoma tulikuwa na kiwanda chetu cha nguo, MUTEX, na pamba ya kanda hii ndiyo iliyolisha viwanda vya nguo vya Ziwa. Mkulima wa Bunda aliyepalilia pamba mgongo ukimuuma aliweza kuiona imerudi sokoni ikiwa na maneno juu yake, na mkewe akayachagua maneno hayo.

Naomba tukae hapo kwenye kuchagua, kwa sababu ndipo kanga inapoishinda picha ya Paris.

Mwaka 1844 Daumier alichora wanawake waandishi, waliokuwa wakidhihakiwa kwa jina la soksi za buluu. Katika picha moja mama ameinama mezani, amezama katika utunzi, na nyuma yake mtoto ametumbukia kichwa chini katika pipa la kuogea. Mkono wa mchoraji ni wa ajabu. Mstari mmoja wa bega unaonyesha jinsi mama yule alivyosahau dunia. Lakini picha ni ya dhuluma. Mchoraji ni mwanamume, mhariri ni mwanamume, na mwanamke yumo ndani ya karatasi bila neno lake mwenyewe. Daumier, aliyefungwa kwa kumtetea mnyonge mbele ya mfalme, hakumwona mnyonge aliyeshika kalamu.

Kanga humpa mwanamke kazi nyingine. Maneno huenda yametungwa na mwenye duka, lakini hayasemi kitu mpaka yavaliwe, siku fulani, mbele ya mtu fulani. Maneno yaleyale ya shangazi, akiyavaa mkulima anayesubiri malipo ya pamba, ni habari nyingine kabisa. Anayeyavaa ndiye anayeyapa shabaha. Na akibanwa ana kinga: nilipenda rangi. Le Charivari lilijificha nyuma ya ndoa ili liendelee kuchapwa chini ya sheria ya 1835. Shangazi yangu alijificha nyuma ya rangi ili aseme juu ya ndoa yenyewe.

Magazeti yetu yalifuata zaidi njia ya Paris. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Watanzania wakacheka vituko vya mjini. Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, alimpa msomaji wa jarida la Sani akina Ndumilakuwili na Lodilofa. Niliwapenda na bado nawapenda. Hata hivyo katika kurasa nyingi za katuni zetu mwanamke ni umbo la kutazamwa, au ni mchuna pesa, na aliyemchora hivyo ni mwanamume. Hilo ni kosa, na vijana wanaochora leo wana nafasi ya kulirekebisha.

Mkoa huu una haki ya pekee ya kulisema jambo hili. Chifu Burito wa Butiama alikuwa na wake 22, na mama yake Mwalimu Nyerere, Mugaya, alikuwa mmoja wao. Mtoto wa nyumba hiyo, akiwa mwanafunzi Makerere, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel hapahapa Musoma. Chini ya uongozi wake Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyosema ndoa ni halali hata kama mahari haijalipwa. Ng'ombe wa mahari bado wanahesabiwa Mara nzima. Sheria imeandikwa, mila inaendelea, na katikati yake amesimama mwanamke anayekunjua doti sokoni na kusoma jina.

Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imehifadhi michoro ya Daumier, naye alichora karibu 4,000 kwa njia ile ya bamba. Kanga zetu ziko wapi? Zimekuwa mbeleko, zimekuwa nepi, zimefutia masufuria, na huo ni utumishi wa heshima. Ila maneno yake yanapotea pamoja na habari za nani aliyavaa, siku gani, kwa nini.

Ninawaomba wanafunzi jambo moja. Mkirudi nyumbani wikiendi hii, chukueni daftari. Waombeni mama, bibi na shangazi wafungue sanduku. Andikeni jina la kila kanga, mwaka ilipopatikana, nani aliitoa, na ilivaliwa mbele ya nani. Wakiwajibu kwamba walipenda rangi tu, andikeni na hilo pia.