Kelele za Chura na Kilio cha Ndugu

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo linalowavunja moyo watumishi wengi, nalo ni maneno ya watu.

Katika parishi moja tuliyokuwa tukiitumikia, tulianza kujenga kanisa la mawe. Kabla kuta hazijafika kwenye madirisha, maneno yalianza sokoni: eti jengo halitavuka masika, eti mchungaji anatafuta jina. Kisha mama mmoja mzee akasimama baada ya ibada, akauliza kwa nini hesabu ya fedha za mabati haijasomwa kwa miezi mitatu. Tulikasirika. Tulimhesabu pamoja na wale wa sokoni, tukajisemea: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Methali hiyo ni ya kweli. Lakini usiku ule tulipofungua kitabu cha Nehemia, tuliona kwamba yeye hakuwajibu wote kwa namna moja.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, akapewa ruhusa kwenda Yerusalemu kuujenga ukuta. Kazi ilipoanza, Sanbalati na Tobia walidhihaki. Tobia alisema kwamba hata mbweha akiupanda, ukuta utabomoka. Nehemia hakujibizana nao. Aliyapeleka maneno yao kwa Mungu, na ukuta ukaendelea kupanda. Baadaye Sanbalati na wenzake walimwita mara nne wakutane katika nchi tambarare ya Ono, nia yao ikiwa kumdhuru. Mara zote nne alikataa kuiacha kazi.

Lakini tazameni sura ya 5, iliyo katikati ya habari hizo. Maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na watoto wao wanatiwa utumwani. Kilio hicho hakikutoka kwa Sanbalati. Kilitoka kwa ndugu zake mwenyewe. Hapo Nehemia hakuwaambia kwamba ana kazi kubwa wasimsumbue. Alisikiliza, akafikiri, akaita mkutano. Tena alijitaja yeye mwenyewe na jamaa zake kuwa wao pia wanakopesha. Akawataka wakuu warudishe mashamba na nyumba, nao wakakubali. Na bado ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Basi, ndugu, lawama ikija tujiulize neno moja: Huyu anataka tushuke ukutani, au anataka ukuta usimame sawasawa? Wa kwanza tumwachie Mungu, tuendelee kujenga. Wa pili tumkaribishe, hata kama sauti yake ni kali. Mtu aliye na hakika kwamba Mungu ndiye aliyemtuma haogopi kuulizwa hesabu.

Jumapili iliyofuata tuliisoma ile hesabu mbele ya washirika wote. Ilionekana kwamba sehemu ya fedha za mabati ilikuwa imenunua saruji, wala waliotoa hawakuarifiwa. Hakuna aliyeiba, lakini tulikuwa tumekosa. Tuliomba radhi, na yule mama tukamwomba radhi kwa jina lake. Watu wa sokoni hawakunyamaza hata baada ya kanisa kuezekwa. Lakini maneno yao hayakutuuma tena kama zamani, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililofichwa.

Pengine wewe unayetusikiliza ni mzee wa kanisa, au mwalimu wa shule ya Jumapili, au mama unayelea watoto peke yako, na maneno ya watu yamekuondolea usingizi. Usishuke ukutani. Wala usizibe masikio.

Natuombe. Ee Bwana, utupe moyo usioyumbishwa na dhihaka, na masikio yasiyokidharau kilio cha ndugu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.