Masikio Kuuma Ndege Inaposhuka

Maumivu ya masikio safarini huwapata abiria zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na mlango wake pekee ni mrija mwembamba unaoishia nyuma ya pua. Ndege ikipanda, hewa hiyo hutanuka na kutoka yenyewe. Ikishuka, shinikizo la nje hukisukuma kiwambo kwa ndani, na mrija hubaki umefumba mpaka misuli ya koo iuvute.

Hata ndege ikiwa mita 10,000 juu, hewa ya ndani huwekwa kama ya mlimani, kimo cha mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Anayetua Nairobi, mji ulio mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, masikio yake hushuka kidogo tu. Anayetua Mombasa au Zanzibar hukishuka kimo chote. Ndiyo maana safari ya chini ya saa moja kutoka Nairobi hadi pwani yaweza kuuma kuliko safari ndefu iliyoishia Nairobi.

Dawa kubwa ni kuwahi. Kumeza mate, kunyonya pipi na kupiga miayo hufungua mrija, ila kazi hiyo ianze mara ndege inapoanza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, sikio likiwa bado zima. Aliyelala aamshwe, kwani usingizini mtu humeza kwa nadra. Sikio likiziba, msafiri abane pua, afumbe mdomo, apulize taratibu. Kupuliza kwa nguvu huweza kuliumiza sikio.

Mtoto mchanga haelekezeki, na mrija wake ni mwembamba zaidi. Anyonyeshwe ndege inaposhuka, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Mama asione haya hata kidogo, na jirani yake kitini ampe nafasi.

Mwenye mafua makali ni heri aahirishe safari. Asipoweza, dawa ya kupuliza puani itumike nusu saa kabla ya ndege kuanza kushuka; mwenye presha aulize kwanza kwa daktari.

Kuziba kwa saa chache huisha kwenyewe. Damu, kizunguzungu, maumivu makali au kutosikia kwa siku kadhaa ni mambo ya hospitali. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hujifunga baada ya wiki kadhaa, mradi sikio lisiingie maji wala kutiwa mafuta.