Elfu Sita za Mwalimu

Shilingi elfu sita kwa mwaka. Mlisikia wenyewe Jumatano ile ya Septemba 2021, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilipotangaza mafunzo ya lazima kwa walimu wote, na tangu hapo simu za kituo hiki hazikupumzika. Moduli sita, kila moduli miaka mitano, jumla miaka 30 ya kusomea kazi ambayo mtu ameshaajiriwa kuifanya. Asiyesoma asingehuishiwa cheti, na asiye na cheti asingefundisha. Tume ilikwisha kutaja wenye kufunza: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara, na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu. Yote hayo mnayajua. Jioni hii tuna swali moja tu, na tutaliuliza mpaka lijibiwe. Nani analipa?

Mwalimu analipa. Ndilo jibu TSC ililotoa siku ile, na ndilo lililokuwa jibu hata kabla yake.

Asije mtu kesho akasema kituo hiki kinawapinga walimu kusoma. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma, na hatuna ugomvi na sheria hiyo. Daktari anasoma. Wakili anasoma. Nahodha wa meli pale Kilindini hurudi chuoni kabla cheti chake hakijaisha muda. Mwalimu naye asome. Na mwalimu mkuu asome zaidi ya wote, kwa kuwa tumeshaona shule inavyokuwa ikikosa mwenyewe.

Tumeona shule ya Bombolulu, huku huku kwetu Pwani, mwaka 1998, wasichana walipoungua bwenini usiku. Miaka mitatu baadaye ikawa Kyanguli, Machakos: wavulana 67 wakafa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni. Madirisha ya bweni yasitiwe vyuma, milango ifunguke kwa nje, kufuli isiwekwe watoto wakiwa ndani. Mwongozo mzuri. Lakini mwaka 2016 mabweni yaliungua katika shule zaidi ya 100, na mwaka uliofuata wasichana wengine wakafa Moi Girls, Nairobi, katikati ya jiji, kwenye shule yenye jina. Basi mwongozo peke yake hautoshi. Anatakiwa mtu anayejua usiku huu funguo ziko kwa nani. Anatakiwa mtu anayesikia manung'uniko ya kidato cha tatu yangali manung'uniko, kabla mtu hajatumwa nje ya ua kununua petroli. Huo ndio uongozi wa elimu tunaouzungumzia, na haupatikani kwa kukaa sana kazini tu.

Halafu ziko fedha. Serikali imekadiria shilingi 22,244 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya upili kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 800, hiyo ni karibu milioni 18. Anayezisimamia, pamoja na bodi yake, ni mwalimu mkuu aliyesomea Kiswahili na Historia, au Kemia na Hisabati. Chuoni alifunzwa kuandaa somo la dakika 40. Siku alipopewa barua ya cheo ndipo alipokabidhiwa vitabu vya hesabu, zabuni ya unga na maharage, kesi za nidhamu, kiwanja kisicho na hati, na mkaguzi anayekuja Jumatatu. Tukimwona gazetini ameshindwa kueleza pesa zilikokwenda, twasema mwizi. Wapo wezi, hatukatai. Lakini wapo pia ambao hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaonyesha kitabu cha hesabu kinavyosomwa.

KEMI ilianzishwa mwaka 1981, wakati huo ikiitwa KESI, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Miaka 40 ikapita. Bado tunauliza nani analipa.

Sasa hapa ndipo penye donda. Walimu wamekwenda kusoma kitambo. Hawakungoja kuamrishwa. Vyuo vikuu vilipofungua masomo ya likizo, ilikuwa ni Aprili, Agosti na Desemba, mwalimu anatoka Hola, anatoka Garsen, anatoka Lamu kwa boti na kisha basi, begi begani, anakwenda kusomea shahada ya uzamili. Utawala wa elimu. Mipango ya elimu. Uchumi wa elimu. Sheria, fedha, usimamizi wa watu, na mwisho utafiti na tasnifu. Tukiwa hapo tuseme na hili: tasnifu nyingine zimefanana mno. Ukizunguka maktaba za vyuo vyetu utakutana na rafu na rafu za athari za mtindo wa uongozi wa mwalimu mkuu katika matokeo ya mtihani wa KCSE, kinachobadilika ni jina la kaunti ndogo. Wasimamizi wao wanajua, na sisi tunajua. Hata hivyo aliyeandika tasnifu hiyo alikaa na walimu wakuu akawahoji, akasoma sheria, akahesabu. Alitoka na kitu ambacho shule yake ilikihitaji.

Nani alilipa? Mwalimu alilipa. Ada inayohesabiwa kwa laki, kwa mkopo wa sacco, unaokatwa kwenye mshahara miaka mitatu, minne, mitano. Na alilipa kwa kuamini jambo moja, kwamba cheti kipya kitamvusha ngazi, kama kilivyowavusha waliomtangulia.

Kisha ukaja mwongozo wa TSC wa kupandisha vyeo wa mwaka 2018. Kupata shahada ya juu peke yake hakukupandishi tena. Ungoje nafasi itangazwe, uhojiwe, utathminiwe utendaji wako kwa TPAD, ule mfumo wa TSC wa kuwapima walimu. Sisi tungeweza kuuelewa mwongozo huo kama ungewagusa wa kesho. Lakini uliwakuta watu njiani, wengine wamebakiza tasnifu, wengine deni bado bichi. Leo yuko mwalimu mwenye uzamili wa uongozi wa elimu, hajawahi kuwa hata naibu, anafundisha chini ya mtu ambaye hajasoma ukurasa mmoja wa usimamizi. Na huyu mwenye uzamili anaambiwa naye aje, aanze moduli ya kwanza. Alete elfu sita.

Je, shahada yake itahesabiwa? Tumelisikiliza tangazo la Dkt. Nancy Macharia, aliyekuwa mkuu wa TSC wakati huo, tukalisikiliza tena, tukitafuta neno moja kuhusu mwalimu huyu. Hatukulisikia.

Na tangazo lenyewe lilikuja lini? Julai 2021, miezi miwili tu kabla yake, vyama vya walimu vilitia sahihi mkataba wa maslahi wa miaka minne usiokuwa na nyongeza ya hata shilingi moja. Tuliambiwa nchi haina pesa, korona imekausha hazina, walimu wavumilie. Walimu wakavumilia. Septemba haijaisha, yule yule aliyeambiwa hakuna pesa akaambiwa atoe pesa. Piga hesabu: walimu wa TSC walikuwa zaidi ya 300,000. Elfu sita kila mmoja inapita bilioni 1.8 kwa mwaka, kila mwaka, kwa miaka 30. Serikali inayosema haina kitu imempata wa kumtoza. Mwalimu analipa.

Tena walisema masomo yatakuwa wakati wa likizo. Likizo gani? Kwa kalenda ya kukimbizana ya mwaka 2021, shule zilifungwa Ijumaa, tarehe mosi Oktoba, na tarehe 11 zikafunguliwa. Wiki moja. Humo mwalimu asahihishe mitihani, ajaze takwimu za mtaala wa CBC, aende kumwona mamake kijijini, na asome uongozi. Na vyuo vinne vilivyoteuliwa, hakuna hata kimoja chenye makao yake makuu Pwani. Matawi yapo, tunajua. Waulize walimu wa Kiunga tawi ni mbali kiasi gani, na mtandao wa kusomea kwa simu unapatikana saa ngapi.

Sasa linganisheni. Hapa Mombasa kuna tawi la Kenya School of Government. Maafisa wa serikali huletwa pale kwa kozi za usimamizi na za uongozi, na wengi wao hugharimiwa na wizara zilizowatuma. Wanalala, wanakula, wanasoma, wanarudi ofisini. Ofisa wa jeshi akipelekwa kusomea ukamanda hatoi mfukoni mwake. Mwajiri anayetaka kiongozi humsomesha kiongozi. Kwa nini si mwalimu? Ni nani aliyeamua kwamba mwalimu anunue ruhusa ya kuendelea kufanya kazi?

Tunataka kusikia jibu. TSC ilete hadharani hesabu ya hizo elfu sita, chuo kinachukua ngapi na nani mwingine anachukua. TSC itamke, kwa maandishi, kwamba mwenye shahada ya uzamili katika uongozi au utawala wa elimu hatalipia upya alichokwisha kujifunza. TSC ianze na walimu wakuu na manaibu wao, wasomeshwe kwa fedha za umma, kwa sababu hao ndio wanaoshika watoto wetu usiku na milioni zetu mchana.

Wabunge wa Pwani, mko wapi? Kila uchaguzi mnasimama kwenye viwanja vya shule kuomba kura. Simameni sasa Bungeni! Iulizeni Kamati ya Elimu, iiteni TSC, itengwe fedha kwenye bajeti. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, mmelalamika, tumewasikia, lakini kulalamika pekee hakutoshi. Safari hii msirudi na picha ya kupeana mikono. Walimu wakuu, ninyi ambao kwa kawaida hukutana hapa Mombasa kila mwaka, mnajadili kila kitu mpaka bei ya sare, jadilini hili, na mlijadili kwa niaba ya mwalimu wa chini yenu pia.

Na wewe mwalimu unayetusikiliza, uwe Mpeketoni, uwe Taveta, uwe Lunga Lunga, usitie sahihi fomu yoyote ya makato kwa woga. Toa cheti chako cha uzamili kabatini, kitolee nakala, andika barua, uliza kwa jina na kwa nambari yako ya TSC shahada hii inahesabiwa au haihesabiwi. Nakala moja mpelekee mbunge wako, moja tawi la chama chako. Fanya hivyo bila kungoja.